Mganga wa Msafara: Kazi Tatu Zilizofungwa Ndani ya Mhusika Mmoja

Kundi jipya linapokaa mezani kuunda wahusika wa mchezo wa njozi, kazi hugawanywa kwa utaratibu ambao mtu aliyeuona mara mbili tatu anaweza kuutabiri. Wa kwanza hutaka upanga, wa pili upinde, wa tatu moto wa kurusha kwa mkono, wa nne hujichagulia wizi na ufunguaji wa makufuli, kisha wote humgeukia aliyechelewa kufika, kwa sababu kazi iliyobaki ni ya kuwatibu wengine. Ndivyo ilivyo katika meza ninayoiendesha hapa Tanga, mtaa wa Chumbageni, na wachezaji wa nchi nyingine wamelilalamikia jambo hilohilo kwa miaka mingi. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni ya tabia: kwamba watu ni wabinafsi, kwamba kila mmoja anataka asifiwe kwa kuua zimwi na hakuna anayetamani sifa ya kufunga kidonda. Sikubaliani nayo. Chanzo kimo ndani ya kanuni zenyewe, na ili kukiona ni lazima kwanza kufahamu kwamba mhusika huyu, ambaye mezani kwetu huitwa mganga na katika vitabu hutajwa kama kuhani, alizaliwa kwa dharura, akabebeshwa kazi tatu, ya ibada, ya tiba na ya vita, ambazo hazikuwa na sababu ya lazima ya kukaa pamoja.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo wenyewe, maelezo machache yanatosha. Watu wanne hadi sita huketi pamoja. Mmoja wao, msimulizi, hueleza ulimwengu na yaliyomo, na kila mmoja wa waliobaki huamua mhusika wake atasema nini na atatenda nini. Jambo lenye shaka, kama vile upanga kumpata adui au kumkosa, huamuliwa kwa kurusha dadu. Kila mhusika ana alama za uhai, yaani namba inayopungua anapojeruhiwa, na namba hiyo ikifika sifuri huanguka. Wachezaji hawashindani wao kwa wao. Kundi lao, ambalo sisi tumezoea kuliita msafara, hufaulu au huangamia pamoja. Mganga ni yule mwenye uwezo wa kuipandisha namba baada ya kushuka.

Mchezo wa kwanza wa aina hii kuchapishwa, Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax wa Lake Geneva katika jimbo la Wisconsin na Dave Arneson wa Minnesota. Ulikuwa na aina tatu tu za wahusika: mpiganaji, mchawi na kuhani. Mwizi, ambaye leo kila kundi humhesabu kuwa mwenyeji, aliongezwa mwaka uliofuata. Kuhani alikuwa ametokea kabla kitabu hakijachapishwa, katika mchezo ambao Arneson aliuendesha na rafiki zake na kuuita Blackmoor. Humo mchezaji mmoja alikuwa na mhusika mnyonya damu aliyeitwa Sir Fang, na mnyonya damu huyo alizidi kupata nguvu hadi wenzake wakakosa njia ya kumkabili. Suluhisho lilikuwa kubuni mhusika mpya wa kupambana na wafu wasiolala, kwa mfano wa wawindaji wa wanyonya damu walioonekana katika filamu za kutisha za Uingereza za miaka hiyo, na Mike Carr ndiye aliyemcheza. Kwa hiyo huyu tunayemlazimisha leo akae nyuma na kuhesabu majeraha ya wenzake alianza akiwa mpunga mashetani mwenye silaha, aliyetafutwa ili kumdhibiti mchezaji mmoja aliyewashinda wengine nguvu.

Yaliyofuata yalikuwa marekebisho juu ya marekebisho. Kuhani alipewa vazi la chuma la mpiganaji na sehemu ya nguvu za mchawi, kisha, ili asiwapite wote wawili, akakatazwa silaha zenye makali. Sababu iliyozoeleka kutajwa ni ya kihistoria: kwamba makasisi wa Ulaya ya zamani walikatazwa kumwaga damu, hivyo wakabeba marungu badala ya panga. Ushahidi unaopendwa ni kitambaa cha Bayeux, kilichodariziwa katika karne ya 11 kuonyesha vita vya Hastings vya mwaka 1066, ambamo Askofu Odo, ndugu wa mama mmoja na William aliyeiteka Uingereza, anaonekana juu ya farasi akiwa na rungu mkononi. Wapo wanahistoria wanaoliona rungu lile kuwa alama ya mamlaka ya kuamrisha askari zaidi ya kuwa silaha ya mcha Mungu, na mtu yeyote aliyewahi kuona kichwa kilichopigwa rungu anajua kwamba damu haikosekani. Lakini kanuni ilikwisha kuandikwa, na kwa robo karne makuhani wa michezo hiyo walitembea na marungu.

Tiba nayo ilikuja kwa kiasi kidogo sana. Katika kanuni za 1974 kuhani wa ngazi ya kwanza, yaani daraja la chini kabisa la uzoefu, hakuwa na dua hata moja. Alilazimika kupanda hadi ngazi ya pili ndipo apate moja kwa siku. Dua ya kuponya majeraha madogo ilirudisha alama kati ya 2 na 7, yaani dadu moja ya pande sita na kuongeza moja. Mtu akisoma kanuni hizo bila kujua yaliyokuja baadaye hawezi kukisia kwamba siku moja mhusika huyu atatambulishwa kwa uponyaji kabla ya jambo lingine lolote.

Kilichombadilisha ni hesabu, na hapa inafaa kutulia kidogo, kwa sababu watu wengi wanaocheza michezo hii huiona tiba kama jambo la vita ilhali kwa asili yake ilikuwa jambo la muda. Katika kanuni za mwisho wa miaka ya 1970, mhusika aliyejeruhiwa na kupumzika bila dua alirudishiwa alama moja tu kwa siku. Mpiganaji aliyepoteza alama 20 alihitaji karibu wiki tatu za kulala kijijini, na katika wiki hizo majoka yalikuwa yakiendelea kula mifugo na matajiri wapinzani walikuwa wakiiwahi hazina. Dua moja iliyorudisha alama nne au tano iliokoa siku nne au tano. Tiba ya mganga katika mchezo wa namna hiyo ni kama maji ya kunywa ndani ya jahazi: haiongezi kasi, haishindani na upepo, lakini ndiyo inayoamua chombo kiende mbali kiasi gani kabla ya kulazimika kutafuta bandari. Msafara wenye mganga ulishuka vyumba sita chini ya ardhi. Usio na mganga ulishuka viwili ukarudi. Hakuna aliyekuwa na shaka juu ya thamani yake, na hakuna aliyemtaka, kwa sababu thamani hiyo ilionekana katika safari nzima, wakati mchezaji hukumbuka zamu yake, dakika ile ambapo macho ya wote yako kwenye dadu aliyoirusha yeye.

Michezo ilipoanza kuhamisha uzito kutoka safari kwenda kwenye mapambano, udhaifu huo ulizidi. Mfano wa toleo la 2014 la mchezo uleule wa Gygax na Arneson, ambalo vijana wengi walianza nalo, unaonyesha vizuri. Kuhani wa ngazi ya kwanza ana nafasi mbili za dua kwa siku. Dua ya kuponya hurudisha dadu moja ya pande 8 pamoja na nyongeza itokanayo na namba ya busara ya mhusika, ambayo mara nyingi ni 3, kwa hiyo wastani ni alama saba na nusu. Zimwi la kawaida lenye rungu kubwa, likimpata mtu mara moja, humwondolea wastani wa alama 13. Mtetezi wa waganga anaweza kujibu kwamba zimwi hukosa karibu mara moja katika kila mapigo mawili, na kwamba kwa hiyo mganga anayetibu kila zamu huenda sare nalo. Jibu hilo ni sahihi kwa zamu mbili tu. Baada ya hapo dua zimekwisha, na rungu halina idadi ya mapigo. Isitoshe, zamu mbili alizozitumia kutibu ni zamu mbili ambazo hakumpiga adui, na adui aliyekufa mapema ni tiba bora kuliko dua yoyote, kwa kuwa majeraha ambayo angeyaleta hayatokei kamwe.

Wachezaji wajanja waligundua njia ya kukwepa hesabu hiyo, na njia yenyewe inachekesha. Katika toleo hilo alama haziendi chini ya sifuri. Aliyebakiwa na alama 2 akapigwa kwa 13 huanguka akiwa na sifuri, si hasi 11, na kwa kawaida alama zile 11 zilizozidi hupotea hewani. Tena, aliyeanguka huinuka kwa tiba yoyote, hata ya alama moja. Ipo pia dua fupi inayotamkwa kwa umbali wa kama mita 18, ambayo humwachia kuhani nafasi ya kupiga rungu lake katika zamu hiyohiyo. Matokeo ni kwamba tiba yenye faida kubwa ni ile inayochelewa: mganga mwenye akili humtazama mwenzake akipigwa, hasemi neno, humngoja aanguke kabisa, ndipo humwinua kwa alama tano, apigwe tena, aanguke tena, ainuliwe tena. Kwa hesabu ni sahihi. Kwa hadithi ni kichekesho, na mganga anayengoja mgonjwa azimie ndipo afungue mkoba angefukuzwa katika kijiji chochote cha Pangani.

Waandishi wa kanuni hawakulala. Toleo la 2000 lilimruhusu kuhani kubadilisha dua yoyote aliyoiandaa kuwa ya kuponya, ili asilazimike kuamka asubuhi na kujaza siku nzima kwa tiba. Toleo hilohilo lilimpa mtu yeyote mwenye vipande 750 vya dhahabu kijiti cha uponyaji chenye nguvu ya kutumika mara 50, na baada ya muda mfupi vikundi vingi vilikuwa vikinunua vijiti kama watu wanavyonunua panado. Kuhani akaachiwa dua zake zote kwa ajili ya vita, akawa mmoja wa wahusika wenye nguvu kupita kiasi katika historia ya mchezo. Toleo la 2008 lilikuwa na ujasiri zaidi: liligawanya wahusika wote katika majukumu manne, likamweka kuhani katika jukumu la uongozi, likamwezesha kutibu kwa tendo dogo huku akipiga kwa tendo kubwa, na kumwekea jirani asiye na dini, kamanda wa vita ambaye huwainua wenzake kwa kelele na mbinu za uwanjani. Wengi walililaumu toleo hilo kwa sababu nyingine, nyingi za haki, lakini katika suala la mganga nadhani halijapitwa hadi leo. Toleo la 2014 liliruhusu kila mhusika kujirudishia alama kwa mapumziko ya saa moja, na usingizi wa usiku mmoja ukarudisha zote. Marekebisho ya 2024 yaliongeza maradufu dadu za dua za msingi za kuponya.

Kuna jambo moja ambalo marekebisho haya yote yanalifanya bila kulitamka. Kila mara tiba inaporahisishwa, mganga hupunguziwa mzigo, na pia hupunguziwa sababu ya kuwa kuhani. Ikiwa usingizi unaponya kila kitu, ikiwa kijiti cha dukani kinatosha, ikiwa kamanda anaweza kumwinua aliyeanguka kwa kumfokea, basi ibada ya yule mwenye rungu ni ya nini? Katika vikundi vingi hubaki mstari mmoja kwenye karatasi: jina la mungu, alama yake, orodha ya dua. Nimeona mchezaji akicheza kuhani kwa miezi bila hata mara moja kueleza anachokiamini mhusika wake, na msimulizi (yaani mimi) asimuulize.

RuneQuest, mchezo uliotolewa na kampuni ya Chaosium mwaka 1978 ukitumia ulimwengu wa Glorantha uliobuniwa na Greg Stafford, ulilifungua fundo hili kwa upande mwingine. Humo hakuna kazi maalumu ya kuhani mponyaji. Mpiganaji, mkulima na mwizi wote wana miungu wanayoitumikia na wote wanaweza kujifunza tiba ndogo. Anayetaka kuwa mponyaji wa kweli hujiunga na wafuasi wa mungu wa kike aitwaye Chalana Arroy, na hao hula kiapo cha kutomdhuru kiumbe chochote chenye akili. Tazama athari ya kiapo hicho mezani. Mganga hawezi kuongeza rungu lake katika vita hata akitaka, hivyo hakuna anayepoteza muda kumlaumu kwa kutopiga. Badala yake yeye huleta tatizo la maadili kila mahali aendapo: mateka aliyejeruhiwa atatibiwa au hatatibiwa? Adui akianguka, kiapo kinamhusu au hakimhusu? Mhusika huyu ana alama chache na madaraka makubwa, na wachezaji niliowaona wakimcheza hawakulalamika hata mara moja kwamba hawana la kufanya.

Kwa wachezaji wa pwani yetu ugeni wa kuhani huyu una sura ya pekee. Mtu anayeugua Tanga mjini ana milango mingi ya kubisha: Hospitali ya Bombo, duka la dawa, mzee anayejua miti shamba, mwalimu wa Kurani anayeandika kombe kwa zafarani katika sahani nyeupe ili maji yake yanywewe, padri au mchungaji anayeombea, na kwa maradhi ambayo milango hiyo imeshindwa, kilinge ambamo fundi wa ngoma ya pepo humuuliza aliyempanda mwele jina lake na anachokitaka. Wengi hupita milango mitatu minne kwa ugonjwa mmoja na hawaoni mgongano wowote. Lakini walio nyuma ya milango hiyo ni watu tofauti. Imamu anayeongoza sala ya Ijumaa si lazima awe mwandishi wa kombe, na fundi wa ngoma hatarajiwi kuongoza ibada msikitini. Tena hakuna hata mmoja kati yao anayetarajiwa kuvaa chuma na kwenda mstari wa mbele. Mchezaji mmoja wa Ngamiani aliposomewa kanuni za kuhani kwa mara ya kwanza aliuliza kama mtu huyo ni sheikh, daktari au askari wa mgambo, na swali lake ni ukosoaji mzuri wa kanuni hizo kuliko mengi niliyoyasoma.

Tofauti ya pili ni nzito zaidi. Katika michezo mingi tiba haina uaguzi. Mganga haulizi jeraha limetoka wapi. Huona namba, hutamka dua, namba hupanda. Kwa waganga wetu kazi huanza kwa kuuliza. Je, huu ni ugonjwa wa Mungu, unaompata kila mwenye mwili, au ni mkono wa mtu, au ni pepo mwenye madai? Jibu ndilo linaloamua dawa, na linaamua pia gharama: kifungua mkoba kabla ya maneno yoyote, kisha kafara ikihitajika, kisha masharti ambayo mgonjwa atayashika nyumbani kwa siku kadhaa, ya chakula, ya safari au ya maneno. Jamaa wanaouguza hushiriki katika kila hatua, hukubali au hukataa, na mara nyingi ndio wanaoamua mlango unaofuata. Hata misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo na Pangani kwenda bara ilikuwa na waganga, na kazi yao ilianza kabla safari haijaanza, kwa kutazama siku njema ya kuondoka na kuandaa dawa za kinga. Hayo yote ni hadithi tayari, yamejaa maamuzi, na kanuni za kawaida zimeyaacha nje.

Katika meza yetu tumejaribu kuyaingiza kwa kiasi. Majeraha ya kawaida ya upanga na rungu tumeyaacha yaponywe na mapumziko ya kila mhusika, kama toleo la 2014 linavyoruhusu, kwa hiyo mganga hadaiwi tena alama za uhai kila zamu. Yeye tumempa yale ambayo usingizi hauyaponyi: sumu, laana, hofu iliyomwingia mtu katika pango, uchovu usioisha, mzimu uliomfuata mwenye kuchukua kisichokuwa chake. Kila moja ya haya ina chanzo alichokiandika msimulizi kabla ya mchezo. Mganga hutumia nafasi ya dua ili kuuliza swali moja kuhusu chanzo, na msimulizi ni lazima ajibu kweli. Akishaelewa, mganga mwenyewe ndiye anayetunga sharti, si msimulizi, na mgonjwa akilishika hupona na kubaki na nyongeza ndogo katika dadu zake hadi mwisho wa safari. Akilivunja, ugonjwa hurudi na nyongeza hupotea.

Sharti limebadilisha mamlaka mezani. Mpiganaji aliyezoea kuamua kila kitu kwa sauti kubwa sasa hukaa chini na kuuliza ameruhusiwa nini. Mmoja alikatazwa kupokea kitu chochote kutoka mkono wa mtu hadi jua litue, na alasiri hiyohiyo msafara ukapewa zawadi za dhahabu na jumbe wa mji. Alisimama barazani akiwatazama wenzake wakipokea, na hadi leo anadai sharti lile lilitungwa kwa wivu. Kiti cha mganga kimeanza kugombewa, jambo ambalo limeleta ugomvi mpya kuhusu nani ana busara ya kutunga masharti na nani anawakomoa wenzake. Ugomvi huo naupendelea kuliko ule wa zamani.

Mahali pa kuwa na tahadhari ni kwenye ramli. Mkono wa mtu ukiingizwa katika mchezo bila kufikiri, mganga hugeuka kuwa mtaja wachawi, na hilo katika nchi yetu si mzaha. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli chonganishi kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino, na waganga wa tiba asili wanaofanya kazi yao kwa halali, chini ya sheria ya mwaka 2002 inayotaka wasajiliwe, walijikuta wakitazamwa kwa jicho hilohilo. Kwa hiyo katika uaguzi wa mezani kwetu chanzo kinaweza kuwa mzimu wa mahali, kiapo kilichovunjwa, deni lililosahauliwa au kosa la mhusika mwenyewe, lakini hakiwi kamwe jirani aliyeroga, na dawa haitokani na kiungo cha mtu. Msimulizi anayeona kanuni hii inambana sana hajakaa na wazazi wa wachezaji wake.

Suala la imani linagusa pia upande wa ukuhani. Tanga ni mji wa Waislamu na Wakristo wanaoishi nyumba kwa nyumba, na wapo wachezaji wa pande zote mbili wasiopenda kutamka sala kwa mungu wa kubuni, hata kwa kuigiza. Hisia hiyo si ya kubezwa, wala si ya pwani peke yake. Marekani ya miaka ya 1980 ilipita katika hofu kubwa ya kidini juu ya mchezo huu, kiasi kwamba toleo la 1989 liliyaondoa majina ya mashetani yaliyokuwamo. Njia zipo. Toleo la 2000 lilimruhusu kuhani atumikie jambo analoliamini, kama haki au uponyaji, pasipo kutaja mungu yeyote. Kiapo cha waponyaji wa RuneQuest kinaweza kuhamishwa chenyewe, kikafanywa cha chama cha waganga chenye miiko, mwalimu na mavazi, bila madhabahu. Sisi tumechagua hiyo ya pili, na dua za mganga huelezwa kwa vitendo, anachochemsha, anachofukiza, anachofunga, wala hazitamkwi.

Kazi ya kwanza kabisa ya kuhani, ile ya kupambana na wafu, ndiyo iliyobaki na nguvu yake bila kuhitaji marekebisho mengi, na inakutana na tiba katika swali moja tu: kumfufua mhusika aliyekufa. Kanuni za 1974 zilikuwa nayo dua hiyo kwa makuhani wa ngazi za juu. Zile za 1978 ziliweka ukomo, kwamba mtu hawezi kurudishwa mara nyingi kuliko kiwango cha uthabiti wa mwili aliozaliwa nao, na kwamba hata mara ya kwanza dadu inaweza kukataa. Toleo la 2014 linadai almasi ya vipande 300 vya dhahabu kwa aliyekufa ndani ya dakika moja, na ya vipande 500 kwa aliyekufa ndani ya siku kumi, na almasi huteketea. Vikundi vingi huishia kwenye bei: huchanga, hununua, mwenzao huinuka, safari inaendelea, na kifo kinakuwa ushuru wa barabarani.

Lakini katika maelezo ya dua hiyo ya siku kumi limo sharti ambalo wasomaji wengi hulipita haraka, kwamba roho ya marehemu lazima iwe huru na iwe tayari kurudi. Sharti hilo linampa mganga mazungumzo ambayo hakuna mhusika mwingine anayeweza kuyafanya, na linampa msimulizi wajibu wa kumwita pembeni mchezaji aliyefiwa na mhusika wake, kabla wenzake hawajaanza kuchanga, na kumuuliza kwa uwazi anataka nini. Wengine hutaka kurudi. Wengine walikwisha kuchoka na upanga wao na wanasubiri ruhusa ya kuunda mtu mpya, ila wanaona haya kusema hivyo mbele ya marafiki wanaowatafutia almasi. Kama jibu ni la pili, mganga aambiwe kwa siri, ili katika zamu yake awe yeye anayerudi kwa wenzake na kuwaeleza kwamba marehemu ameulizwa na hataki, na fedha zilizochangwa zirudishwe kwa wenyewe.